Kaka Alipokataa Shikamoo

Mara ya mwisho kaka yangu kususa chakula nyumbani kwa mama alikuwa na miaka thelathini na sita. Ilikuwa Krismasi, na sababu ilikuwa firigisi. Mama alikuwa amechinja kuku wawili. Baada ya ibada mwinjilisti alipita kutusalimu, mama akamkaribisha mezani, na kwa kuwa alikuwa mgeni na tena mtumishi, akamwekea firigisi moja. Ya pili ilikuwa kwenye sahani ya kaka, kama ilivyokuwa kila siku tangu baba afariki. Kaka aliitazama yake, kisha akaitazama ya mwinjilisti.

"Ya kwake kubwa," alisema, akaisukuma sahani katikati ya meza.

Mwinjilisti alicheka kwanza, akidhani ni utani. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akatoa firigisi kwenye sahani yake na kumpa.

"Kula tu, mtumishi," kaka akasema. "Mimi nimeshiba."

Alitoka nje, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa karibu na jiko. Mama alimfuata na sahani. Tuliobaki mezani tulimsikia akimbembeleza kwa Kimeru, kwa maneno yaleyale anayoambiwa mtoto wa miaka mitatu aliyeanguka. Mwinjilisti alikula haraka, akaomba kuondoka. Alipofika barabarani, kaka akarudi ndani, akala chakula chake na cha mgeni kilichobaki, kisha akatuigizia jinsi mwinjilisti alivyotafuna huku akitafuta mlango kwa macho. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Hata mimi nilicheka. Naliandika hili mapema ili nisije nikaonekana nilikuwa nje ya jambo lenyewe.

Nimefikiri sana juu ya neno hili, kususa. Si sawa na kukasirika. Mwenye hasira anataka kitu kibadilike. Anayesusa hataki kitu chochote kibadilike, anataka afuatwe. Na sisi tulimfuata kaka yetu kwa miaka mingi, kwa zamu.

Kwetu ni Akheri, kwenye mteremko wa mlima Meru, katikati ya migomba na kahawa. Mama alizaa kaka, kisha akazika watoto wawili mfululizo, halafu nikaja mimi, kisha mdogo wetu wa kike. Kwa hiyo kaka alinizidi miaka kumi na mmoja, na kwa miaka mingi kati ya hiyo alikuwa mtoto pekee wa watu waliokuwa wakiogopa kumpoteza. Hakutumwa kuni. Alipelekwa sekondari akamaliza kidato cha nne, wakati mimi niliishia darasa la saba na mengine nikajisomea mwenyewe. Sikumwonea wivu kwa hilo. Alikuwa na moyo mzuri, alikuwa mcheshi, na kila alipotoka mjini alikuja na kitu mfukoni kwa ajili yetu.

Alipata kazi katika kiwanda kimoja cha serikali mjini Arusha. Ilipofika miaka ile ambayo viwanda vilianza kuuzwa na kila kitu kikawa ruksa, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Wenzake walinunua mashine za kusaga, cherehani, au marobota ya mitumba. Kaka alichukua kiinua mgongo chake, akanunua televisheni, deki na jenereta, akafungua kibanda cha video kule Olasiti, upande wa pili wa mji. Kibanda hakikuwa wazo baya. Watu walilipa kuingia. Ila yeye mwenyewe alikaa mbele kabisa, sakafuni, pamoja na watoto, akitafsiri filamu za karate kwa sauti na kuwasimulia nani atakufa kabla hajafa. Kanda ikikwama walimzomea, naye akawazomea. Mchana walicheza naye drafti kwa vifuniko vya soda, na akifungwa alimwaga vifuniko chini na kufunga kibanda mpaka wamwombe msamaha. Walimwita kwa jina lake tu, kama rika lao. Alipenda hivyo.

Shemeji yangu, mke wa kaka, alivumilia miaka michache. Siku aliyorudi kwao na binti yao alipita kwanza kumuaga mama, na mama alipomuuliza kosa la mwanawe ni lipi, hakutaja ulevi wala wanawake, maana kaka hakuwa na hayo. Alisema, "Mama, mimi nilikuja kuolewa na kulea mtoto. Sikuja kulea wawili." Mama alikasirika kwa niaba ya mwanawe kwa mwaka mzima.

Na kulikuwa na jambo la shikamoo. Kaka hakutaka kuamkiwa. Mtoto wa shule akimwambia shikamoo barabarani, alijibu, "Usinizeeshe bwana, sema mambo." Ukimwambia mambo, alijibu poa, akakunyooshea mkono mgonganishe viganja. Mjini watu walicheka. Kwetu Akheri hawakucheka, lakini walinyamaza, kwa sababu ya mama, na kwa sababu kila mtu alitegemea kwamba yatapita. Wakati huo mimi nilikuwa nauza pembejeo katika duka la mtu binafsi sokoni Tengeru. Wazee walionunua dawa ya kahawa kwangu waliniuliza habari za mama, za mdogo wetu, za shamba. Za kaka hawakuuliza. Nilishukuru kwamba hawaulizi, na kushukuru kwenyewe kulinitia aibu.

Mdogo wetu alikuwa muuzaji katika duka la vipuri vya magari mjini, duka la Wachaga, watu wa kanisani. Alipendana na kijana wa familia ile, mtoto wa ndugu wa mwenye duka. Tulipojua, tulijua mambo mawili kwa pamoja: kwamba kijana anataka kuoa, na kwamba mdogo wetu ana mimba. Alimwambia mama, mama akaniambia mimi, nikiwa nimeinama napalilia, na hakungoja nisimame.

Msomaji asiye wa huko anahitaji kuelezwa uzito wake. Usharikani kwetu, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa alitengwa. Hakushiriki meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya watu wote aungame, na watu wote maana yake ni wale aliosoma nao, wanaomuuzia maziwa, walioimba naye kwaya. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama pale pale. Tena wazee wa upande wa kijana hawakujua. Kijana alijua, ila baba yake mkubwa, aliyeshika mambo yote ya ukoo wao, alikuwa mtu wa msimamo, na tulisikia kwamba alishawahi kuvunja posa ya binamu wa kijana kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo ilibidi posa ipokelewe, mahari yasemwe, na ndoa ifungwe kabla tumbo halijasema lenyewe.

Baba hakuwepo. Aliyepaswa kuwapokea washenga ni mzaliwa wa kwanza.

"Tumwambie?" niliuliza.

"Tumwambie nini?" mama akasema. "Huyo ukimwambia leo, kesho watoto wa Olasiti wanaimba."

Mdogo wetu alikuwa anamenya ndizi. Mimi nilikubaliana na mama, na nilikubali upesi. Tulimwambia kaka siku ya wageni na kazi yake tu: atasimama mlangoni, ataamkiwa, ataitikia, ataketi kwenye kiti cha baba, atasikiliza, na mwisho atasema ukoo utajibu. Nilikwenda Olasiti mwenyewe kumpa maelezo hayo, nikayarudia mara mbili, mbele ya kanda iliyokuwa inaendelea.

"Kazi ndogo hiyo," alisema. "Dogo, wewe unaogopa wageni kama unakwenda kufanyiwa usaili."

Walikuja Jumamosi, mchana. Kaka alikuwa amefika mapema, amevaa jinzi, kapelo na miwani ya jua. Mama alimletea koti la baba. Alilivaa bila ubishi, akalikunja mikono mpaka kwenye viwiko, na kapelo hakuvua. Watoto wa majirani walikuwa wamejaa uani, kwa kuwa popote alipokuwa kaka watoto walijaa. Mzee mmoja wa ukoo wetu, jirani, alikuwa ameshakaa ndani kama shahidi. Kwetu mzee wa namna hiyo hampokei mgeni. Kazi yake ni kusikia yaliyosemwa, ili baadaye asitokee mtu wa kusema hayakusemwa.

Wageni walishuka kwenye pikapu: baba mkubwa wa kijana, mwenzake mmoja aliyebeba dumu la mbege, pombe ya ndizi, lililozibwa kwa jani la mgomba, na kijana mwenyewe katika suti ya rangi ya kijivu. Baba mkubwa hakutangulia. Alisimama nyuma akamwachia kijana nafasi, kama inavyotakiwa.

Kijana yule hakuwa Mmeru. Kwao wanaamkiana kwa mkono. Kwetu mdogo huinamisha kichwa, na mkubwa humwekea kiganja juu ya utosi ndipo aitikie. Mdogo wetu alikuwa amemfundisha. Baadaye aliniambia kwamba walijaribu dukani, nyuma ya rafu za vipuri, mpaka akaacha kucheka. Nilimwona akikaribia mlangoni, akasimama hatua moja mbele ya kaka, akainamisha kichwa chini kabisa.

"Shikamoo, baba."

Alisema baba, si kaka wala shemeji. Na hilo alikuwa amefundishwa.

Kaka alimtazama, akawatazama watoto uani, nikaona uso wake unavyobadilika kama ulivyobadilika kila alipokuwa karibu kuwachekesha. Akainua mkono. Nilishusha pumzi, nikidhani anauweka. Akampiga kikofi chepesi kisogoni.

"Baba nani, mshikaji?" alisema. "Inua kichwa bwana, kwani umepoteza hela? Mambo vipi?"

Watoto waliangua kicheko. Kaka alikuwa amekwisha kunyoosha kiganja, anasubiri kipigwe. Kijana alibaki ameinama nusu, hajui ainuke au aendelee.

Baba mkubwa alisema taratibu, "Msalimie tena. Labda hakusikia."

Ninaamini alikuwa anatupa nafasi. Sikuwa nimekutana naye kabla, na nilikuwa nimemwogopa kwa sifa zake, lakini siku ile alitupa nafasi.

"Shikamoo, baba."

"Aa, sikiliza," kaka akasema, bado anacheka. "Mimi bado kijana mwenzako. Ukinishikamoa hapa mbele za watu utanikosesha wachumba. Wewe sema mambo, mimi nasema poa, tunaingia ndani tunakunywa hiyo kitu yenu. Si ndiyo jamani?"

Watoto walikuwa wameacha kucheka, kwa sababu watoto hujua kabla ya watu wazima wakati mzaha umeisha.

Baba mkubwa alimgeukia mwenzake mwenye dumu. "Tumepotea nyumba," alisema. "Tulielekezwa kwamba hapa kuna baba wa binti. Wanasema hayupo, wote hapa ni vijana. Turudi, tukaulize vizuri."

Hakupandisha sauti. Alishika mkono wa kijana kama anavyoshikwa mtoto barabarani, akageuka kuelekea kwenye pikapu. Dirisha la jiko lilikuwa wazi. Nilimwona mdogo wetu amesimama ndani, mkono mmoja mdomoni na mwingine juu ya tumbo, juu ya kanga, mahali ambapo hakuna mtu angekuwa na sababu ya kutazama isipokuwa anayejua.

Nilisema, "Marahaba."

Nililisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Kijana aligeuka. Nilimwendea, nikampita kaka, nikaweka mkono juu ya kichwa cha mtu aliyenizidi miaka mitatu, nikasema tena, "Marahaba. Karibuni nyumbani."

Baba mkubwa alinitazama kuanzia viatu. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni wa pili."

"Na wa kwanza ni yupi?"

Nilimwonyesha kwa macho.

"Kwenu wa pili anaitikia wa kwanza akiwa hai? Amesimama, anapumua?"

Aliyetuokoa ni yule mzee wa ukoo. Alikuwa amejivuta mpaka mlangoni na fimbo yake. "Salamu imetolewa, na itikio limetoka," alisema. "Mimi nimesikia vyote viwili. Ingieni, jua kali." Kisha, alipokuwa akipisha njia, alimwambia kaka neno moja, bila kumtazama: "Layoni."

Kwa Wamasai na Waarusha, na kwetu pia tuliolichukua kwao, layoni ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Ukimwita hivyo mtu mzima, aliyepita jandoni na rika lake, umemvua kila alichovaa. Mzee alilisema kwa sauti ya chini. Lakini watoto walisikia, na kaka aliona kwamba wamesikia.

Alivua koti la baba. Hakulitupa. Alilining'iniza vizuri kwenye mti wa kahawa ulio karibu na mlango, akaweka na miwani mfukoni mwake. "Haya," aliniambia, "endelea basi, mzee." Akazunguka nyuma ya nyumba.

Tuliingia. Nilikaa kwenye kiti cha baba nikiwa na shati langu la dukani. Mazungumzo yalikwenda kwa utaratibu wake. Baba mkubwa alisema wameona ua zuri katika boma hili, mzee wetu akauliza ni ua lipi kwa kuwa yapo mengi, watu wakacheka inapotakiwa kuchekwa. Mdogo wetu akaitwa. Katika ukoo wetu, mbege ya posa haiguswi mpaka binti aulizwe mbele ya wote, na nilikuwa mimi wa kumuuliza.

"Watu hawa wameleta mbege. Tunywe?"

"Kunyweni," alisema. Sauti yake ilikuwa imara kuliko yangu.

Kutoka kwenye kiti kile niliweza kuona, kupitia mlango wa nyuma, sehemu ya ua. Kaka alikuwa amekaa karibu na jiko, mikono imezunguka magoti, ameangalia mlango. Nilimjua. Alikuwa anasubiri mtu atoke. Siku nyingine yoyote mama angekuwa ameshatoka na kikombe, au ningetoka mimi, ningemwambia, kaka njoo bwana, acha hizo, na angekuja baada ya kukataa mara moja. Siku ile mama alikuwa anapakua ndizi na nyama. Mimi nilikuwa naulizwa kuhusu mbuzi na blanketi la mama. Nilipotazama tena, pale alipokuwa amekaa palikuwa patupu.

Tulikubaliana. Wakati wa kuaga baba mkubwa alinipa mkono, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Tumekuta nyumba yenye wanaume wawili na baba mmoja wa kuazima. Lakini tumekula, hatuna neno." Watu walicheka, na mimi nikacheka. Ilikuwa haki yake kusema hivyo, na alikuwa amesema kidogo.

Ndoa ilifungwa upesi. Tulisema ni kwa sababu kijana anataka kusafiri kibiashara. Kaka hakuja. Nilimpelekea taarifa Olasiti, akanijibu kwa heshima kwamba anao wateja. Mama alimwekea sahani ya pilau, akaifunika, akaificha kabatini kwa siku mbili mpaka ikaharibika. Siku ya ndoa mimi ndiye niliyemshika mdogo wetu mkono hadi madhabahuni. Upande wa kushoto wa kanisa nilisikia mwanamke mmoja akimuuliza mwenzake, "Kaka yake mkubwa yuko wapi?" na mwenzake akajibu, "Si unamjua?" Hayo tu.

Mtoto alizaliwa mapema. Kila mtu alisema mapema, na kusema hivyo ulikuwa wema, kwa kuwa alikuwa mtoto mnene mwenye nywele tele. Hakuna aliyetengwa. Baba mkubwa alileta mbuzi, akamshika mtoto, na kama alihesabu miezi, hakutuhesabia.

Kaka alihesabu. Alikuja dukani Tengeru siku ambayo si ya soko, ili anikute peke yangu. Alisimama upande wa wateja, akaegemea kaunta. Alikuwa amevua kapelo, nikaona nywele zake zimeanza kupungua utosini. Sikuwa nimejua.

"Siku ile alikuwa na mimba," alisema.

"Ndiyo."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Mama?"

"Ndiye aliyeniambia."

Aliinua mfuko mdogo wa mbegu za mahindi, akausoma maandishi yake yote, akaurudisha. "Mngeniambia," alisema, "ningeitikia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, kwa kelele, au kwa mzaha, si kwa hilo. Nilimjibu neno ambalo lilikuwa kweli, na ambalo nililipata haraka mno. "Kaka, salamu inaitikiwa hata bila kuambiwa siri."

"Najua," alisema. "Mimi nilidhani nawachekesha. Yule kijana alikuwa anatetemeka, uliona? Nilidhani nikimchekesha atapoa. Ningejua kuna jambo..." Baadaye akasema, "Nilikaa pale jikoni. Hakutoka mtu."

Mteja aliingia kutafuta dawa ya viroboto. Nilimhudumia. Nilifanya kazi hiyo polepole, nikapima, nikafunga, nikarudisha chenji, na muda wote huo kaka alisubiri kama watu wanavyosubiri zamu. Mteja alipoondoka nilitakiwa niseme kitu. Nilimuuliza kama amekwisha kumwona mtoto.

"Bado," akasema. "Wataniruhusu?"

Mtu wa miaka thelathini na sita aliniuliza mimi kama ataruhusiwa kumwona mtoto wa mdogo wake. Nilimwambia aende tu. Alikwenda. Nasikia alimbeba mtoto mchana kutwa, hakutaka kumwachia mtu, na mtoto alinyamaza kwake kuliko kwa wengine. Hilo halikumshangaza yeyote. Mume wa mdogo wetu alimwamkia kwa mkono, kikwao, naye aliitikia. Hawakuwa na mengine ya kuzungumza, na hadi leo hawana.

Kwa miaka mingi nililichukua swali lile kuwa langu na mama. Kama tungemwambia, angeitikia? Nilijaribu kulijibu kwa njia ninayojibu mambo mengine, kwa kuweka sababu za upande huu na za upande ule. Upande mmoja: hakuwahi kutunza neno hata siku moja. Upande wa pili: hakuwahi kupewa neno la kutunza. Tulimficha kwa kuwa ni mtoto, akafanya kitoto kwa kuwa tulimficha. Niliona aibu kwa ajili yake pale mlangoni, na baada ya siku ile ya dukani nikaona aibu mbele yake, ambayo ni aibu tofauti na haina mtu wa kuilaumu isipokuwa mwenyewe. Nilifikia kuamini kwamba kosa kubwa lilikuwa letu. Imani hiyo ilinipa unafuu wa aina fulani.

Kisha mama alifariki, na katika siku za kupanga vitu vyake nilikaa na mdogo wetu tukikunja kanga, nikamuuliza alifikiri nini wakati ule mama na mimi tulipoamua kumficha kaka.

"Hamkumficha," alisema. "Mimi nilikwenda kumwambia."

Alikwenda Olasiti, kabla hajamwambia mama, kabla ya mtu mwingine yeyote. Alitaka kaka yake ajue kwanza, kwa kuwa ndiye aliyembeba mgongoni utotoni na kumnunulia viatu vya shule vya kwanza. Alifika mchana. Kaka alimfurahia sana, akawatangazia watoto kwamba huyu ni mdogo wangu, mpisheni, akamnunulia soda. Akamwambia angoje kidogo, wanamalizia drafti. Alikaa kwenye benchi na soda yake. Kaka alifungwa. Akamwaga vifuniko, akasema wamemwibia, akawafukuza wote, akafunga mlango wa kibanda kwa ndani, naye yumo. Mdogo wetu alibisha hodi. Alisema, "Kaka, ni mimi, nina shida." Kutoka ndani kaka alisema, "Waambie waombe msamaha kwanza."

"Aliyasema kwa utani au alikuwa amenuna?" nilimuuliza.

"Sijui. Huwa unaweza kutofautisha?"

Alisubiri, watoto wakimwangalia. Mmoja wao alimwambia, "Dada, ukimbembeleza anafungua." Aliiacha chupa ya soda kwenye benchi, akarudi mjini.

Aliniambia haya bila uchungu, akaendelea kukunja. Nilimuuliza kama alishawahi kumwambia kaka mwenyewe kwamba yule aliyebisha siku ile alikuja na nini. Alisema hapana. Alisema alidhani labda mimi nitamwambia, siku ikifaa.

Kaka sasa ni mzee. Kibanda hakipo, Olasiti imejaa nyumba, na yeye amerudi Akheri, analima sehemu yake ya shamba, anafuga kuku wachache. Siku hizi anaitikia watu. Binti yake humtembelea mara moja kwa mwaka. Jumapili tunakaa pamoja baada ya ibada, na mara mojamoja, tukibaki wawili, hulirudia lile neno lake: kwamba tungemwambia, angeitikia. Hulisema bila hasira, kama mtu anayekumbuka mvua ya mwaka fulani. Namsikiliza. Nina jibu, na ni jibu la kweli, lenye mahali pake na saa yake na mlango uliofungwa. Ningeweza kumwambia kwamba aliambiwa, au alikaribia kuambiwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na komeo.

Sijamwambia. Kila nikitaka kuanza namtazama usoni, napima kama atalibeba, kisha namuuliza habari za kuku.